Jinsi ya kuandika maoni ya tamthilia usiku uleule ilipooneshwa

Maoni mengi ya tamthilia hufia mahali pamoja: aya ya pili. Kwenye aya ya kwanza mwandishi amelia, amecheka, amemlaani mama mkwe. Ya pili anaanza, "basi yule kaka akaingia ndani, akamkuta shemeji yake amekaa," na humo hatoki tena mpaka mwisho. Aliyeitazama anaruka, maana stori anaijua. Ambaye hajaitazama anakasirika, maana ameshaambiwa yote.

Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka kuandika maneno 600 hadi 900 kuhusu episodi moja, na yasomwe. Ukiondoa muda wa kutazama, kazi yenyewe inachukua kama saa moja na nusu. Msingi wake ni huu: kila hisia uliyoipata ilianzia mahali fulani kwenye skrini, na mahali hapo panaweza kunyooshewa kidole. Ukipanyooshea, hata asiyekubaliana nawe atakaa akusikilize.

Kwa mfano wa kufanyia kazi tumechukua "Ozymandias", episodi ya 14 ya msimu wa 5 wa Breaking Bad, iliyorushwa Marekani na AMC tarehe 15 Septemba 2013. Iliandikwa na Moira Walley-Beckett na kuongozwa na Rian Johnson. Ni ya siku nyingi, ina mambo mengi ya kuonea, na imewahi kuwapotosha watazamaji wenye macho makali. Kama hujaitazama na unakusudia, ruka sehemu iliyoandikwa "Kisu na simu".

Kabla haijaanza

Tafuta daftari dogo, kalamu mbili na saa ya ukutani au ya mkononi. Simu haifai kuandikia. Mwanga wake unakutoa kwenye skrini, na meseji moja ikiingia umeshapotea. Kama tamthilia yenyewe unaitazamia kwenye simu, basi ndiyo kabisa daftari halikwepeki.

Kwenye ukurasa mmoja chora safu mbili. Kushoto andika siri zilizopo hadi episodi iliyopita, kulia andika nani anaijua kila siri. Tamthilia za kila siku, ziwe za Dar, Nairobi, Manila au Istanbul, zinaendeshwa na injini moja: mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Mtoto si wa yule baba. Hati ya nyumba iko chini ya godoro la dada. Mgonjwa hajapoteza kumbukumbu, anajifanya. Orodha ya siri saba au nane inatosha.

Ukurasa huo utakufaa kuliko kumbukumbu yako. Episodi ikiisha, angalia ni mstari gani umebadilika: nani amejua, nani amedanganywa upya. Hapo kwa kawaida ndipo penye moyo wa episodi, hata kama kelele zilikuwa kwenye sini ya harusi. Na kama dakika zote zimepita bila mstari hata mmoja kubadilika, tayari unalo lalamiko lenye ushahidi: episodi imekanyaga mahali pamoja.

Majina yachukue kwenye maandishi ya mwisho wa kipindi, usiandike kwa kusikia. Vituo vingi huyabana maandishi hayo kando ili kupisha matangazo, kwa hiyo piga picha skrini mapema, au yachukue kwenye akaunti rasmi ya tamthilia. Kosa la jina la mwigizaji ndilo la kwanza kuonwa na wasomaji, na wakishaliona hawakuamini tena kwenye mengine.

Ukiwa mbele ya runinga

Andika saa kamili kipindi kilipoanza, kisha kila matangazo yalipoingia na yalipotoka. Kipindi cha nusu saa kwenye kituo cha biashara kwa kawaida hubeba dakika 22 hadi 24 za stori. Cha saa nzima, dakika 42 hadi 45. Kama unatazama mtandaoni, tumia kihesabio cha dakika kilicho chini ya skrini. Hesabu hizi zinasaidia baadaye, pale unapohisi kwamba wapenzi wawili wamekula muda wote. Unapiga hesabu, unakuta ni dakika 6 tu. Basi tatizo si wingi wa muda, ni kwamba zile dakika 6 zilikuwa nzito kama gunia la chumvi. Au unakuta ni 14, na hapo una haki ya kulalamika.

Kwa maandishi ya haraka tunatumia alama sita:

! moyo umeruka
? sijaelewa
" maneno ya kunukuu
P picha: kilichoonekana bila kusemwa
S sauti: muziki, ukimya, mlango uliobamizwa
0 nimetoka: nimewaza mboga iliyoko jikoni

Kila mstari una dakika, alama, na maneno yasiyozidi saba. Kwa dakika 45, mistari 12 hadi 20 inatosha. Ukivuka 30, ulikuwa unaandika, hukuwa unatazama. Sifuri ndiyo alama ya kweli kuliko zote na ndiyo watu huionea haya. Usiiache. Sifuri tatu zikifuatana kwenye sini za mhusika mmoja zitakuambia jambo ambalo mapenzi yako kwa mwigizaji yamekuficha.

Kosa linalowapata karibu wote ni kuinamisha kichwa sekunde ileile ambayo jicho la mhusika linageuka. Unaandika alichosema, unapoteza alivyomtazama aliyeambiwa. Dawa yake ni kuandika sini inapobadilika tu. Tamthilia za kila siku hufungua sini kwa picha ya nje: nyumba ya ghorofa, gari linaingia getini, barabara ya jiji usiku. Picha hizo hukaa sekunde 3 hadi 5, na huo ndio muda wako wa kalamu. Sini ikianza moja kwa moja na uso wa mtu, acha kuandika, tazama.

Mara ya kwanza usisimamishe. Ukimya wa sekunde nne kati ya "nisamehe" na jibu lake umepimwa na mhariri uwe sekunde nne. Ukibonyeza rimoti ukaenda kunywa maji, umetengeneza ukimya wa dakika mbili, na hisia utakayoiandika itakuwa ya maji, si ya tamthilia. Umeme ukikatika katikati ni hivyohivyo: weka alama ulipoachia, ngoja marudio, na usihukumu kipande ulichosimuliwa na jirani.

Kama sebuleni mko wengi, weka herufi moja ya ziada kwa ajili ya sebule yenyewe. Watu wakicheka pale ambapo muziki unaomba machozi, hilo ni tukio la kuandikwa. Lakini litenganishe na alama zako. Shangazi akishasema kwa sauti "huyu mwanamke mchawi," kila mtu atamwona mchawi kuanzia hapo, na wewe ukiwemo.

Dakika kumi baada ya kuisha

Usifungue grupu. Tunajua mkono unawasha, na meseji ziko 140 hazijasomwa, lakini ukishasoma tatu tu maoni yako yameshakuwa ya watu. Zima runinga, kaa na daftari, maliza sentensi hizi tatu kwa mkono:

Nimebaki na…
Sikuamini pale…
Nataka kujua kama…

Ya kwanza lazima itaje kitu, siyo hisia. "Nimebaki na huzuni" haikusaidii kesho asubuhi. "Nimebaki na kile kiatu kimoja cha mtoto mlangoni" inakusaidia, maana kiatu kinaweza kufuatwa: nani alikiacha, kamera ilikaa juu yake muda gani, kilionekana mara ngapi kabla. Ya pili ndiyo itakayozaa lalamiko lako. Ya tatu ndiyo itakayofunga maandishi.

Kisha chagua alama tatu zenye uzito na uzitazame tena, dakika mbili kila moja, hakuna zaidi. Hapa ndipo rimoti ina ruhusa. Sini uliyoiwekea P itazame ukiwa umezima sauti. Uliyoiwekea S isikilize ukiwa umefumba macho. Inaonekana kichekesho, lakini ni njia ya haraka kuliko zote ya kujua kilichokuliza kilitoka wapi. Mara nyingi unagundua kwamba uso wa mwigizaji haukufanya lolote, kazi yote ilifanywa na kinanda. Mara nyingine muziki haukuwapo kabisa na wewe uliapa ulikuwapo.

Kisu na simu

"Ozymandias" inachukua takriban dakika 47. Inaanza na siku za nyuma: Walter White, mwalimu anayepika dawa za kulevya kwa siri, na mwenzake Jesse wako jangwani na lile gari lao la kupikia, ndiyo kwanza wanaanza. Walter anampigia mkewe Skyler kumdanganya kwamba atachelewa kazini, na kabla ya kupiga anaufanyia uongo wake mazoezi. Nyumbani Skyler anapokea simu jikoni. Wanazungumza mambo madogo ya ndoa, pamoja na jina la mtoto aliye tumboni. Kisha jangwani watu wanafifia, gari linafifia, na mahali hapohapo yanatokea magari ya leo, baada ya risasi.

Shabiki mwenye kalamu ataandika nini hapo? Safu ya dakika tunaiacha, maana inategemea unatazamia wapi:

S anafanya mazoezi ya uongo
P simu ya jikoni, visu viko karibu
! watu wanafifia, jangwa linabaki

Mstari wa kati hauna maana yoyote usiku ule unapoandikwa. Ni kibao cha kuchomekea visu tu, kila jiko la Marekani linacho. Baadaye katika episodi, Walter amerudi nyumbani anafungasha mizigo kwa pupa, Skyler ameshaelewa kwamba Hank, shemeji yao, amekufa. Anasimama mbele ya vitu vilevile viwili: simu na visu. Anachukua kisu. Mkono ule uliopokea uongo wa kwanza kwenye simu unaiacha simu na kushika chuma.

Sasa linganisha sentensi mbili. "Ile sini ya kisu iliniua kabisa, nilishindwa kupumua." Na: "Mwanzoni Skyler alisimama kati ya simu na visu akachukua simu, mwishoni amesimama palepale akachukua kisu." Ya pili haina neno hata moja la hisia, na msomaji ndiye anayeshindwa kupumua. Hisia zako zina nafasi, ila zije baada, zikiwa zimeshikwa mkono na kitu.

Angalia na kosa ambalo wengi hulifanya kwenye sini hiyohiyo. Wanapigana, mtoto wao wa kiume anaingilia na kumkinga mama, kisha anapiga simu polisi na kusema baba yake amemtolea mama yake kisu. Anayeandika kwa kumbukumbu ataandika kwamba Walter alitoa kisu, kwa sababu ndivyo mtoto alivyosema na ndivyo moyo ulivyotaka. Aliyetoa kisu ni Skyler. Mwenye ule ukurasa wa safu mbili ataona jambo kubwa zaidi ya usahihi: kuanzia simu ile, polisi wanajua kitu ambacho hakikutokea hivyo, na uongo safari hii umesemwa na mtu pekee wa nyumba ile ambaye siku zote alikuwa hasemi uongo.

Kisha kuna simu ya tatu, na hii ndiyo sababu tumeichagua episodi hii. Walter amemchukua mtoto mchanga, anapiga nyumbani. Anamuuliza Skyler kama polisi wapo. Skyler anasema hawapo, na wamejaa sebuleni. Walter anamtukana, anamdharau, anasema kila kitu alikifanya peke yake na mke hakuwahi kumsikiliza. Usiku ule wapo waliochukua maneno yale kama yalivyo wakaandika kwamba mnyama ametoa makucha. Wengine wakaona kwamba analia anapoyasema, kwamba anajua polisi wanasikiliza, na kwamba kila tusi linamwondolea mkewe kesi. Ubishi ule uliendelea muda mrefu, na wala hawakuwa wajinga waliosoma vibaya; sauti ilisema jambo moja na uso jambo lingine.

Kwa alama zetu, hii ni sini yenye " na P kwenye mstari mmoja, na zinapingana. Ukiona hivyo, usiandike hukumu usiku huo kabla ya kuirudia bila sauti. Uso ukiwa peke yake, ubishi unapungua sana. Na ukiandika, andika vyote viwili: alichosema, na alivyokuwa anakisema. Msomaji aamue kama matusi yale yalikuwa ya kuigiza tu au yalikuwa na ukweli ndani yake. Sisi tunadhani yalikuwa na vyote, na ndiyo maana yanauma.

Nani alaumiwe

Shabiki akikasirika humtupia jiwe aliye karibu, na aliye karibu ni mwigizaji. Mara nyingi jiwe limekosea nyumba.

Mhusika aliyekuwa mwoga miezi miwili akigeuka shujaa kwa episodi moja bila sababu, hiyo ni skripti. Mhusika akisema kwa mdomo kile ambacho uso umeshakisema, "nina uchungu sana moyoni mwangu," hiyo pia ni skripti, na mwigizaji anastahili pole. Sini ikipigwa kwa mbali hadi hujui nani analia, muulize mwongozaji. Nyuso tatu zikirudiwa zamu kwa zamu na ngoma ikipigwa kila uso, huyo ni mhariri, au ni uzalishaji ulioishiwa na vipande ukaamua kuvuta mpira.

Shati linalobadilika rangi kati ya mlangoni na kwenye kochi, kovu linalohama shavu, glasi inayojaa yenyewe, hayo ni makosa ya mwendelezo. Yanatokea kwa sababu sini hazipigwi kwa mpangilio wa stori. Zote za sebule moja hupigwa siku moja, hata zikiwa za episodi tofauti, na anayetunza rekodi ya mavazi akikosea picha moja tu, shati limeshabadilika. Lichekee kwa sentensi moja upite. Maoni yaliyojaa makosa ya shati yanachosha kama mtu anayesahihisha tahajia kwenye kadi ya mwaliko.

Muziki ukifunika maneno, kagua kwako kwanza. King'amuzi kilichowekwa sauti ya spika nyingi huku runinga ina spika mbili kinaweza kushusha mazungumzo na kupandisha muziki. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stirio, sikiliza tena. Giza nalo lina mtego wake. Episodi ya Game of Thrones iitwayo "The Long Night", ya tarehe 28 Aprili 2019, ililalamikiwa sana kwamba haionekani kitu, na mpiga picha wake Fabian Wagner akajibu kwamba sehemu ya tatizo ni namna runinga za watu zilivyowekwa. Kabla ya kuandika "giza tupu", jaribu skrini ya pili, na zima taa ya sebuleni. Likibaki giza, andika bila woga.

Mwigizaji awe wa mwisho, na hata akifikiwa, hukumu kazi yake, usihukumu mtu. Anna Gunn, aliyeigiza Skyler, aliandika kwenye New York Times Agosti 2013 jinsi chuki ya watu kwa mhusika wake ilivyovuka ikamwangukia yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Emmy, kwa msimu huohuo wenye kile kisu. Kwa kalamu, kinga ni rahisi: tumia jina la mhusika unapozungumzia tendo, na jina la mwigizaji unapozungumzia sauti, uso, mwendo. "Skyler alinyamaza." "Gunn alilichelewesha jibu." Ukijizoeza hivyo, tusi lenyewe linakosa pa kukaa.

Zilizotiwa sauti ya Kiswahili

Tangu Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyorushwa na TBC kwa Kiswahili mwaka 2011 na kutajwa hadi na Rais Xi Jinping kwenye hotuba yake ya Dar es Salaam Machi 2013, watazamaji wa huku wamezoea kumwona mama wa Beijing akifoka kwa lafudhi ya Pwani. Kuandika maoni ya tamthilia kama hizo kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, mwigizaji ni watu wawili. Uso ni wa mmoja, sauti ni ya mwingine aliyekaa studio na skripti mkononi. Ukisema "ameigiza kwa ubaridi," sema ni uso au ni sauti. Midomo isipoendana na maneno, mfasiri ndiye aliyekosa neno fupi. Na heshima nyingi unazozisikia ni uamuzi wa mfasiri: mkwe wa Kichina au wa Kituruki hakusema shikamoo, mfasiri ndiye aliyeamua kama aiweke au aiache. Mkwe aliyeingia sebuleni bila kuamkia anaonekana kwetu mjeuri tangu mlangoni, kabla hajafanya kosa lolote. Hilo ni la kuandikwa, maana linabadilisha tunavyompima, ila deni lake liandikwe kwa mfasiri. Unaponukuu, taja kwamba ni maneno ya toleo la Kiswahili.

La pili ni urefu. Tamthilia za Kituruki kwao hurushwa mara moja kwa wiki, na episodi moja hufika dakika 120 au zaidi. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika 45. Kwa hiyo episodi unayoiona ikikatika katikati ya maneno, kwao pengine haikukatika hapo. Usimlaumu mwandishi kwa mwisho ambao hakuuandika, wala usimsifu kwa ule uliokuacha mdomo wazi.

Mchele na kuku wengi

Kipindi cha saa moja na nusu usiku Nairobi kinamkuta Mswahili wa Minneapolis, wakati wa kiangazi, saa tano na nusu asubuhi yuko kazini. Ataitazama akirudi. Ukimwaga mchele kwenye kichwa cha maandishi, umemharibia siku nzima.

Wengi wanaweka onyo ndani ya maandishi na kusahau kwamba kiungo kikitumwa WhatsApp hujionesha chenyewe: kichwa, mstari wa kwanza na picha. Vitu hivyo vitatu viwe safi. Kichwa kitaje tamthilia na namba ya episodi. Mistari miwili ya kwanza izungumzie kitu kisichotoboa, mathalani kasi ya episodi. Picha isiwe ya jeneza, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Onyo likae baada ya hapo, peke yake kwenye mstari, likisema hadi episodi ya ngapi. Na usiandike "sitasema nani amekufa". Umeshasema.

Kupanga maandishi

Anza ndani ya sini, siyo kwenye "jana tulishuhudia". Aya ya kwanza, maneno kama 80, ni kile kitu ulichobaki nacho. Muhtasari haupaswi kuzidi maneno 120 kati ya 800, na usikae sehemu moja. Ugawe, vijisentensi viwili pale hoja inapouhitaji. Kama unaona huwezi kueleza hoja bila kusimulia nusu ya episodi, hoja hiyo ni ya wiki nzima, iandike Ijumaa.

Halafu hoja moja. Moja kweli. Usiku uleule damu ina moto na unataka kusema yote, kuanzia mavazi hadi wimbo wa mwisho. Chagua ile yenye alama nyingi daftarini, ipe sini mbili za ushahidi, na angalau moja ya sini hizo uieleze kwa vitendo: nani alisimama wapi, mkono ulishika nini, nani alitazama chini kwanza. Mengine yaende kwenye aya moja ya harakaharaka, na hapo una ruhusa ya utani na ya kumtetea stelingi wako bila sababu.

Lalamiko liwe na dakika yake. Ubashiri uwe na masharti: "kama ile hati bado iko chini ya godoro, basi harusi haifiki." Ubashiri usio na "kama" hauwezi kukosea na kwa hiyo hauna ladha. Nyota na alama za kumi juu ya kumi hazina madhara, ila ukitoa tisa kila usiku wasomaji wataacha kuzisoma kufikia Jumatano.

Kabla ya kutuma, soma kwa sauti. Futa kila "kwa kweli" na "jamani", ubakize "jamani" moja pale panapouma zaidi. Hakiki majina na namba ya episodi. Sasa fungua grupu, zile meseji 140. Ukikuta mtu ameona kitu ambacho hukukiona, kirudie kwenye skrini, na kama ni kweli kiongeze mwishoni ukisema kimeonwa na mwingine. Maandishi ya juu usiyaguse, hata kama sasa yanakuaibisha.

Kwenye daftari, chini ya mistari ya usiku huo, acha mistari miwili mitupu mbele ya ubashiri wako. Utaijaza siku hati ikitoka chini ya godoro.